Kompyuta mpakato ya kazi nzito inapunguza kasi kwa joto: nianze na mipangilio au na pesti?

Muulizaji

Habari zenu, wakuu. Ninachora majengo na kuyatengenezea picha za mwisho kwa programu ya Blender, na ofisi yangu iko Tanga, katika chumba kisicho na kiyoyozi ambacho mchana hufika nyuzi joto 32. Mwaka jana nilinunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, yenye prosesa ya Intel Core i9-13950HX, kadi ya grafiki ya NVIDIA RTX ya GB 12 na RAM ya GB 64. Dakika kumi za mwanzo hufanya kazi vizuri, kisha feni huanza kuvuma kama jenereta, prosesa hufika nyuzi 100, na kasi yake hushuka kutoka gigahezi 4 na ushei hadi 2 na kidogo. Picha moja ya sebule hunichukua dakika 52. Fundi mmoja amenishauri nibadilishe pesti (ule urojo unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye shaba ya kupoza), mwingine ameniambia ninunue stendi ya feni, na rafiki yangu anasisitiza nishushe prosesa hadi asilimia 99 katika mipangilio ya umeme ya Windows. Nianze na lipi kabla sijatoa fedha?

Jibu la 1

Mkuu, hilo la asilimia 99 liache. Linazima turbo yote, yaani uwezo wa prosesa kupanda juu ya kasi yake ya msingi, na prosesa yako ikikosa turbo, kori zake kubwa (sehemu zake kuu za kufanyia hesabu) hubaki kwenye kasi ya msingi ya gigahezi 2.2, yaani kasi ileile unayoilalamikia.

Nyuzi 100 ndicho kikomo alichokiweka mtengenezaji, kwa hiyo mashine inapojipunguza kasi inajilinda, haijaharibika. Prosesa hiyo imepangiwa wati 55 za msingi, lakini inaruhusiwa kupanda hadi 157 kwa muda mfupi, na hakuna kompyuta ya kubeba mkononi inayoweza kutoa joto la namna hiyo kwa saa nzima huku kadi ya grafiki nayo ikifanya kazi. Katika mashine nyingi za aina hii, prosesa na kadi hutumia mabomba yaleyale ya shaba, hivyo kimoja kikijaza joto, kingine hukosa pa kulipeleka lake.

Kwa hiyo fungua mipangilio ya Blender, sehemu ya mfumo, uangalie vifaa vinavyotumiwa na Cycles, injini ya Blender inayotengeneza picha za mwisho. Ikiwa prosesa imewekewa alama pamoja na kadi, iondoe, kwa sababu mchango wake ni mdogo ukilinganisha na joto inalolileta. Baada ya hapo tumia ThrottleStop, programu ya kudhibiti umeme wa prosesa, ikiwa BIOS yako (programu ya msingi inayowasha kompyuta) haijafunga mipangilio hiyo, uweke wati 65 kwa kazi ndefu na 90 kwa muda mfupi. Kushusha volti ya prosesa ili ipunguze joto ni jambo jingine. Mashine nyingi zimefungiwa njia hiyo tangu udhaifu wa kiusalama ulioitwa Plundervolt ulipotangazwa mwaka 2019.

Jibu la 2

Chaja unayotumia ni ya wati ngapi? Ukiichaji kwa chaja ndogo ya Type-C, itapunguza kasi hata ikiwa baridi.

Jibu la 3

Mimi ni fundi, na ninakubaliana na mkuu wa kwanza isipokuwa kwa mpangilio wa kazi: ningefungua kifuniko cha chini kabla ya kugusa programu yoyote. Katika mashine zilizotumika ninazoletewa, vumbi hujishikamanisha kati ya feni na mapezi ya shaba kama kipande cha blanketi, na hewa haipiti hata feni zikizunguka kwa nguvu zote. Unapopuliza kwa blowa, zuia feni kwa kijiti cha meno, kwani zikizungushwa kwa kasi hiyo beringi huharibika.

Kuhusu pesti, ile ya kawaida husukumwa pembeni kidogo kidogo kila prosesa inapopata joto na kupoa, na baada ya miezi kadhaa unarudi ulikotoka. Badala ya pesti, mimi huweka karatasi ya kupitisha joto ya Honeywell PTM7950, ambayo hulainika inapofika nyuzi 45 hivi na kujaza nafasi yenyewe. Kwa joto letu la pwani hunata vibaya. Iweke kwenye friji kidogo kabla ya kuibandua plastiki, na uinunue kwa muuzaji unayemwamini kwa kuwa bandia zimejaa.

Stendi ya feni isikuumize kichwa. Inua upande wa nyuma kwa vipande viwili vya mbao.

Muulizaji

Nawashukuru, wakuu. Chaja ni yake ya asili, wati 230. Nilipoiondoa prosesa kwenye Cycles, picha ileile ilichukua dakika 46. Jana nimetoa vumbi, na kweli lilikuwa blanketi. Leo imechukua dakika 41, prosesa ikiwa kwenye nyuzi 84. Nimeweka pia kikomo cha wati 65: muda haukubadilika, ila sasa ninaweza kuongea na mteja kwa simu nikiwa nimekaa kando ya mashine. Karatasi nimeiagiza, na pesti ya zamani sitaigusa mpaka ifike.