Kampuni za teknolojia zikiamua mambo bila kutuuliza: watu wa Tanga tupeane uzoefu

Mwana Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Nina stesheneri Ngamiani, kazi zetu mnazijua: kutoa kopi, kuchapa barua, kujazia watoto fomu za mkopo wa chuo. Kompyuta zangu ni za mtumba lakini nzima kabisa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10. Nikasema sawa, nipandishe 11. Mashine ikajibu haikidhi vigezo, maana haina kile kichipu cha usalama wanachokitaka. Kioo hakina hata mstari, printa inatoa karatasi safi, ila kuna watu wamekaa Marekani wakaamua imeshakufa. Kinachoniuma ni kwamba walioamua hawajui mashine ile inalisha nyumba ngapi. Nani mwingine kampuni za namna hii zimemgeuzia kibao?

Fundi Mgandini
Usiziuze kwa bei ya chuma chakavu. Weka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows, ni bure, na kwa barua na kopi inatosha. Nimewawekea wengi hapa mjini.

Mtu wa Duga
Printa ikigoma kwenye hiyo Linux atakuja kulia kwako. Mkuu, baki na 10 yako, ila mambo ya benki usiyafungulie humo.

Fundi Mgandini
Printa gani iliyogoma? Taja aina. Mnatisha watu na vitu ambavyo hamjavijaribu.

Binti Makorora
Bibi yangu mpaka leo akimtuma mtoto vocha anasema "ya Celtel". Celtel ikawa Zain 2008, Zain ikawa Airtel 2010. Upande wa pili Mobitel, Buzz, Tigo, na tangu 2024 ni Yas. Kampuni inauzwa huko juu, vibanda vinapakwa rangi upya mji mzima, mzee anaanza kuuliza moja.

Mzee wa Pongwe
Nakazia hapa.

Baharia wa Sahare
Mniwie radhi, yangu ni ndefu, lakini uzi huu umenitonesha.
Mimi ni baharia. Nilipanda meli ya mizigo, mkataba mrefu, laini ya nyumbani nikaizima kwa sababu huko nje ingenimaliza pesa. Mke wangu na watoto wako Sahare, tukawa tunaongea kwa namba ya nje meli ikigusa bandari. Sasa kampuni ya ile laini, siitaji, ina utaratibu wake: laini isipotumika kwa muda inafutwa na kuuzwa kwa mtu mwingine. Kwao ni bidhaa imekaa bure rafuni. Kwangu ile namba ndiyo iliyoandikwa shuleni kwa watoto, benki, na kwa wakala wa meli.
Siku ya Idi mke wangu akaipiga, labda nimekaribia pwani nimewasha. Akapokea mwanamke. "Nani mwenzangu?" "Wewe ndiye nani?" "Mimi mwenye simu." Mke wangu akakata. Akafungua WhatsApp, picha yangu haipo, kuna dada amevaa dera na mtoto mchanga mkononi.
Habari inavyotembea Tanga mnajua wenyewe. Adhuhuri haijaingia, shangazi zangu Mwahako wameshaambiwa nina mke mdogo bara na nimeshazaa naye. Jioni mkwe akaja kumchukua mwanawe. Mimi niko katikati ya Bahari ya Hindi, sijui hili wala lile. Mtandao uliporudi nikakuta ujumbe mmoja wa shemeji: "Ukija, njoo na talaka."
Aliyetuokoa ni huyohuyo mwanamke. Mwalimu, mke wa mtu, kasajili laini kihalali kwa alama ya kidole, na siku nzima ya sikukuu alikuwa anapokea matusi ya ukoo wetu. Akampigia mke wangu kwa video, mumewe kakaa pembeni, wakamwonyesha tarehe waliyoinunua. Kampuni yenyewe hata pole haikutoa. Kiasi kidogo kilichokuwa kwenye laini nikaambiwa niandike barua.

Binti Makorora
Subhanallah! Huyo mwalimu mpelekeeni doti ya khanga, tena nzuri.

Mtu wa Duga
Mke karudi? Usituache hapo.

Msomi Raskazone
Pole baharia. Lakini tuseme ukweli: namba si mali yako, unapewa utumie. WhatsApp nao wanasema wazi kuwa akaunti ikikaa siku 120 bila kutumika wanaifuta. Hatusomi masharti, halafu tunalalamika. Kampuni haitoi sadaka.

Mwana Chumbageni
Masharti wanayabadilisha wakishatunasa, msomi. 2015 Google Photos walisema pakia picha bila kikomo. Watu wakaweka humo harusi, watoto, wazee waliokwisha kutangulia. Juni 2021 wakasema mwisho GB 15, ukizidi lipa. Ni mwenye nyumba anayekukaribisha bure, ukishahamia na kabati lako analeta kodi. Na Facebook waliinunua WhatsApp 2014 kwa takriban dola bilioni 19. Walinunua nini pale kama si sisi tuliomo ndani?

Msomi Raskazone
Basi lipa, au hama. Hujafungwa kamba.

Mwana Chumbageni
Nihamie wapi na wateja wote wako humo? Jibu hilo kwanza.

Mzee wa Pongwe
Jumia, wale wa duka la mtandaoni, waliingia soko la hisa New York Aprili 2019. Novemba mwaka huohuo wakafunga Tanzania. Wenye hisa walisikilizwa, waliokuwa wakiuza na kusambaza mizigo huku walisikia kwenye habari. Msomi, hapo sharti gani halikusomwa?

Mama Deep Sea
Mnagombania picha! Mimi nilikopa simuni hela ya kununulia samaki, siku moja tu kuchelewa wakawapigia watu wote kwenye simu yangu, hadi mchumba wa binti yangu. Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zisizo na leseni Novemba 2024, nikashukuru Mungu.

Fundi Mgandini
Picha za muhimu wekeni kwenye fleshi.

Binti Makorora
Fleshi zinakufa. Zichapeni studio, wekeni albamu.

Mtu wa Duga
Baharia, laini mwachie mke aiwashe kila mwezi atume hata shilingi mia. Au usimwachie, atasoma meseji zote.

Baharia wa Sahare
Asome, sina cha kuficha. Na ndiyo, karudi, ila mkwe bado hanijibu salamu. Naondoka tena karibuni, nauliza wanaojua: kuna namna ya kuilinda laini isifutwe nikiwa nje?

Fundi Mgandini
Usiulize wakala wa mwavuli. Nenda ofisini kwao na mkataba wako wa meli, wakikubali wakupe kwa maandishi. Na kabla hujapanda meli, badilisha namba benki na shuleni, weka ya mkeo.