Nachora katuni ya vampaya wa Kigamboni, nimekwama kwenye masharti yake, naombeni ushauri

ChakiNyeusi (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Mimi ni mchoraji wa kujifundisha mwenyewe, mchana nauza vifaa vya simu usiku nachora. Tangu mwaka jana nina katuni yangu ya vampaya anaitwa Sefu, anaishi Kigamboni kwenye jumba la zamani na anawinda Kariakoo. Nimefika ukurasa wa 38. Juzi nikampa mdogo wangu asome, jamaa ni mtu wa anime (katuni za Kijapani) balaa, kacheka mpaka nikajisikia vibaya. Anasema huyu ni Alucard, yule vampaya wa katuni ya Kijapani ya Hellsing, umemvisha kanzu. Halafu akaniuliza maswali nimekaa nayo wiki nzima sina jibu, mbona anaogopa msalaba wakati yeye ni Sefu na nusu ya mtaa wanaswali, mbona anaogopa kitunguu saumu wakati Kariakoo nzima inanukia pilau, atamnyonya nani ambaye hajala saumu? Na jua la Dar mnalijua, kama linamuunguza basi huyu maisha yake yote ni kulala tu.

Nikasema basi nimuite mumiani, kitu cha kwetu. Hapo ndo nikazidi kuchanganyikiwa maana mumiani wa kwenye stori za bibi yangu hana meno marefu wala hageuki popo. Sasa nauliza, lazima vampaya afuate yale masharti yote au naruhusiwa kuyatupa? Na nimuite nani? Watu wa manga, wasomaji wa riwaya, karibuni. Matusi hapana. Natanguliza shukrani.

kasa_mpweke

Hahaha hapo kwenye saumu nimelia. Huyo atakufa njaa mkuu, labda awe anawinda wenye vidonda vya tumbo tu.

PopoWaMchana

Mleta uzi tulia kwanza. Hayo masharti hakuna aliyeyapitisha bungeni, kila mwandishi aliyekuja kaongeza lake katupa la mwenzie. Chukua jua. Dracula wa Bram Stoker, kitabu cha 1897, anatembea London mchana kweupe, Harker, yule wakili kijana wa kwenye kitabu, anamuona kwa macho yake pale Piccadilly, ila mchana nguvu nyingi anakuwa hana. Jua kumuua vampaya kabisa limetoka kwenye filamu bubu ya Kijerumani, Nosferatu, ya 1922, miaka 25 baadae. Tena hiyo filamu walichukua stori bila ruhusa, mjane wa Stoker akawapeleka mahakamani na ikaamriwa nakala ziteketezwe. Yaani sharti la filamu iliyoshindwa kesi ndo leo watu wanalishika kama aya. Hata kifo cha Dracula wengi wanakwambia alichomwa mti moyoni, wapi, ni visu viwili, kimoja shingoni kimoja moyoni.

Kuhusu Alucard, hilo ni jina la Dracula ukilisoma kinyumenyume na Kouta Hirano, mchoraji wa Hellsing, sio wa kwanza kulitumia, liko kwenye filamu ya 1943 huko. Kwahiyo kuazima sio dhambi. Ila ukiazima na koti refu na miwani na kofia na lile tabasamu la meno yote, hapo mdogo wako ana haki. Sema ukweli, Sefu anatabasamu hivyo kwenye kurasa ngapi?

ChakiNyeusi

Daah. Nimehesabu sasa hivi. Tisa.

PopoWaMchana

Futa nane.

MamaWaVitabu

Mwanangu mimi hayo ma-anime siyajui, lakini riwaya nimezisoma. Swali la msalaba aliyelijibu vizuri ni Richard Matheson kwenye I Am Legend, 1954. Mule kuna mtu amebaki peke yake, mtaa mzima wamegeuka, anakaa anajiuliza kwa nini Myahudi au Muislamu aliyegeuka vampaya ashtuke akionyeshwa msalaba? Yupo jirani yake aliyekuwa Myahudi, msalaba hamtetemeshi, kinachomtetemesha ni Torati. Kwahiyo kinachomuuma vampaya ni kile alichokuwa anakiheshimu alipokuwa hai. Sasa wewe jiulize Sefu alikuwa nani kabla. Ukijua hilo hutahitaji kuuliza watu mtandaoni anaogopa nini. Labda wala sio msahafu, labda ni adhana ya alfajiri, kwa sababu ndiyo saa baba yake alikuwa anamuamsha kwa kumvuta kidole cha mguu, na sasa akiisikia anajua mambo mawili, jua linakuja na baba hayupo. Hapo msomaji wako atamuonea huruma huku anamuogopa.

Na jua pia usihangaike. Octavia Butler, mwandishi Mmarekani mweusi, kwenye Fledgling ya 2005 ana vampaya binti mweusi anaitwa Shori, wenzake weupe jua linawaunguza vibaya, yeye ngozi yake inamsaidia kukaa macho mchana na kutoka nje, na wapo wa ukoo mwingine wanaotaka kumuua kwa sababu hiyohiyo. Tafuta usome, Kiingereza chake hakisumbui.

mtani_wa_jadi

Ukiangalia vizuri Dar ni pepo ya vampaya. London mwezi wa sita usiku ni masaa saba na kitu tu, hapa jua linazama saa 12 na kitu jioni mpaka saa 12 na kitu asubuhi karibu mwaka mzima, zamu kamili kama mlinzi. Kuna katuni ya Kimarekani, 30 Days of Night ya 2002, vampaya walihama mpaka Alaska kule Barrow kufuata mji ambao msimu wa baridi jua halichomozi. Sefu hana haja ya kusafiri, umeme ukikatika tu keshapata sikukuu.

JiraniMwema

Nyie mmeliruka sharti tamu kuliko yote, la kukaribishwa. Vampaya haingii nyumba ya mtu mpaka wa ndani amkaribishe mara ya kwanza, baada ya hapo anaingia atakavyo, lipo kwa Stoker na kwenye anime ya Shiki lipo. Sasa fikiria mtu anasimama mlangoni kwetu anasema HODI. Wewe uko jikoni umeinama unachambua mchele, hujui ni nani, mdomo wenyewe ushasema KARIBU. Ulaya vampaya inabidi abembeleze, ajifanye mgeni wa heshima. Uswahilini anamaliza mtaa mzima kabla ya isha na hajavunja hata komeo. Halafu unakumbuka wazee walivyokuwa wanasema ukiitwa jina usiku usiitike mpaka uitwe mara ya tatu? Kumbe walikuwa wanajua kitu. Mkuu tupa vitunguu, tupa msalaba, baki na hilo moja ulikamue mpaka tone la mwisho.

Na kaangalie Shiki (anime ya 2010, riwaya ni ya Fuyumi Ono). Kijiji kinaitwa Sotoba, watu wanakufa mmojammoja wakati wa joto, daktari anadhani ni maradhi ya mlipuko, hamna makoti wala bastola kubwa. Sisemi mwisho ila mpaka unafika huko hujui tena umuogope nani, waliogeuka au majirani wenye magongo.

NahodhaMstaafu

Wanangu mimi nimesoma tu uzi kwa kupita, lakini kitabu hicho cha Dracula nimekisoma zamani na kuna kitu hamjakisema. Yule maji yanayotembea hawezi kuyavuka mwenyewe mpaka maji yawe yamesimama au yamejaa. Sasa kijana unasema anaishi Kigamboni anakula Kariakoo. Anavuka vipi mkondo wa bahari pale kivuko cha Magogoni? Maji yakikimbia yeye kakwama. Na saa za maji hazigandi, kila siku zinasogea karibu dakika 50. Leo maji yamejaa saa 4 usiku, wiki moja mbele saa hiyohiyo yamekupwa. Mwenye jedwali la maji ukutani anajua lini atakuja na lini atachelewa pantoni ya kurudi. Mimi ningemfanya anayemgundua awe mvuvi, hajasoma kitabu chochote, ila ameona kwamba misiba inafuata maji.

ChakiNyeusi

Mzee wangu shikamoo. Nimesimama kabisa kwenye kiti hapa dukani, mteja ameniuliza kama niko sawa.

Simba_wa_Mjini

Hivi hamna mambo ya kwetu ya kuchora mpaka muhangaike na mashetani ya wazungu? Ndo maana hatuendelei.

mzee_wa_maktaba

Simba punguza jazba, la kwetu lipo na mleta uzi kaligusa. Mumiani. Kamusi ya Johnson ya 1939 inasema ni dawa nyeusi kama gundi, inasemekana inatoka Uajemi, watu waliipaka na kuinywa na samli kwa mifupa iliyovunjika, ila wengi waliamini kabisa ni damu ya watu iliyogandishwa, na uvumi ukianza kwamba mumiani inatafutwa mji mzima ulikuwa haukanyagi nje jua likishazama. Baadae neno likahamia kwa mtu mwenyewe anayeitafuta. Nairobi walimuita mzimamoto, na Kampala neno la Kiganda la maana hiyohiyo, wakimhusisha na watu wa zimamoto. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo, kitabu chake kilitoka 2000.

Sasa angalia tofauti, ndo jibu la swali lako. Vampaya wa Ulaya ni maiti, ana jeneza, ana ukoo, ana njaa yake mwenyewe. Mumiani ni mtu mzima wa afya, ana kazi, ana gari, anapokea mshahara, na damu hanywi yeye, anapeleka kwa mkubwa ambaye hamumjui. Kinachotisha kwa vampaya ni meno, kwa mumiani kinachotisha ni AJIRA. Hizi stori zilishamiri wakati wa mkoloni na sishangai. Hata kule Serbia, kijiji cha Kisiljevo mwaka 1725, walipofukua kaburi la Peter Plogojowitz wakakuta damu mdomoni, aliyeandika ripoti alikuwa afisa wa Austria, maana na wao walikuwa chini ya mgeni.

Kwahiyo usimuite Sefu mumiani. Sefu ni vampaya. Mumiani ni yule anayemfanyia kazi siku maji yakikupwa.

PopoWaMchana

Aisee. Hiyo nimeipenda kuliko Hellsing, na Alucard mwenyewe kaajiriwa na binti wa ukoo wa Hellsing awinde vampaya wenzake. Wewe unageuza, binadamu ndo kaajiriwa na vampaya.

nesi_wa_zamu

Samahani naharibu utamu kidogo. Mimi nafanya kazi hospitali, sisemi wapi. Mwaka 2017 hapo jirani Malawi, wilaya za Mulanje na Phalombe, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kuuawa na makundi ya wananchi, hadi Umoja wa Mataifa wakawaondoa wafanyakazi wao kule. Waliokufa hawakuwa na hatia yoyote. Kwahiyo kaka yangu nakuomba huyo mumiani wako usimvishe koti jeupe wala usimpe gari la wagonjwa wala begi la kuchangia damu. Kuna watu wataisoma kama katuni na kuna watu wataiamini, na sisi ndo tunaoingia vijijini na sindano.

ChakiNyeusi

Dada nesi nimekusikia na nakushukuru, ukweli ni kwamba ukurasa wa 20 alikuwa na koti jeupe. Nimeuchana.

Wakuu nafikiri nimepata. Sefu anabaki vampaya, hana msalaba hana saumu, ana hodi, ana maji, na ana adhana ya alfajiri kama alivyosema mama hapo juu. Mumiani atakuwa dalali wa vyumba, kwa sababu dalali anaingia kila nyumba na hakuna anayemuuliza anatafuta nini, halafu yeye ndo anayemtangulia kupiga hodi. Mvuvi nampa jedwali la maji. Kurasa 38 zinakufa karibu zote, imebaki ile ya jumba na ile moja anayotabasamu. Mdogo wangu nimemuonyesha uzi, kasema "sawa", na kwake hiyo ni sifa kubwa sana.

Ukurasa wa kwanza mpya nauweka hapa Jumamosi nikipata bando.

kasa_mpweke

Hodi humu ndani?

JiraniMwema

...

MamaWaVitabu

Nimenyamaza mwanangu.