Mkizi wananizunguka tu, chambo hawagusi, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu, mwenzenu nimekwama. Navua nikiwa nimesimama ufukweni, maji yakianza kujaa mkizi wanaingia kundi zima mpaka kwenye maji ya magoti, nawaona kabisa wanachokonoa ukungu kwenye mawe na wengine wanaruka, ila kwenye ndoana yangu hola. Wanaosema hasira za mkizi furaha ya mvuvi labda wana mtumbwi, mimi hizo hasira naziangalia tu.

Nilianza na vipande vya samaki na kamba, hawakusogea hata. Nikaja kwenye mkate, kiboya kidogo na ndoana namba 6, hapo angalau wanakuja, wananyonya mkate wanautema, kiboya kinacheza kidogo tu halafu kimya. Juzi mmoja alinasa, nikavuta kwa pupa akachanika mdomo, midomo yao laini sana jamani.

Sasa naomba kujua, nishuke mpaka ndoana ndogo zaidi, namba 10, na mshipi mwembamba zaidi au shida ni mkate wenyewe? Na kiboya kikicheza nivute hapohapo au nisubiri kizame kabisa? Wavu sitaki, nataka kwa mshipi.