Kilimo hai ni kuacha kemikali tu au kuna kingine?

MkulimaMpya
Wakuu habari zenu. Najiandaa kuhamisha shamba langu liingie kilimo hai, na kila ninayemuuliza ananijibu acha mbolea ya chumvichumvi, acha sumu, basi umemaliza. Sasa mbona shamba lililotelekezwa miaka mitano halina sumu wala mbolea, nalo tuliite la kilimo hai? Halafu nasikia mrututu (ile dawa ya ukungu yenye shaba) unaruhusiwa ilhali unatoka kiwandani. Nani anaamua kipi kiingie na kipi kikatazwe, na kwa kigezo gani?

UdongoKwanza
Mkuu umeuliza jambo ambalo wengi wanaliruka. Vyama vya kilimo hai duniani vina shirikisho lao, IFOAM, lilianzishwa 1972 kule Versailles Ufaransa, na 2005 likapitisha misingi minne: afya, ikolojia, haki na uangalifu. Mambo ya kukatazwa na kuruhusiwa yanatakiwa yapimwe kwa hiyo misingi, ndo maana ukishika makatazo peke yake unachanganyikiwa.

Shamba lililotelekezwa hakuna anayelilea hapo. Ikolojia inakutaka uingie kwenye mzunguko na wewe, mabaki yarudi ardhini, mazao yazungushwe, naitrojeni itoke hewani kupitia mikunde. Hili unaweza kulihakikisha mwenyewe, mkunde ukianza kutoa maua chimbua shina moja kwa jembe (usivute, vinundu vya mizizini vitabaki chini), pasua kinundu kwa ukucha, ukikuta ndani pana wekunduwekundu ujue bakteria wanaovuta naitrojeni wako kazini, ukikuta kijani au kijivu hamna kitu humo, na mimi nikiona ule wekundu nafurahi kuliko nikiona cheti.

Mama Shamba
Kwenye mrututu ngoja niongezee. Watu wanadhani kigezo ni "asili" na "kiwanda", sio hivyo jamani. Rotenoni, dawa ya wadudu, ilikuwa inatoka kwenye mizizi ya mimea, ya asili kabisa, ila ni sumu kali kwa samaki na Ulaya haikubaliki tena. Mrututu umebaki kwa sababu baadhi ya magonjwa ya ukungu bado hayajapata mbadala wa kutosha, lakini shaba haiozi, ikiingia udongoni inakaa humo humo inajilimbikiza na nyungunyungu wanaumia. Kwa hiyo Umoja wa Ulaya umeweka kikomo, kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7. Huo ndo uangalifu, na kwangu mimi hata hicho kikomo ni kikubwa, bora utafute mbegu inayostahimili ukungu kwanza.

Kibarua Mstaafu
Mbona haki mnaipita? Kiwango cha Marekani na cha Ulaya kinakagua shamba, pembejeo na rekodi, ujira wa kibarua haumo. Ina maana mtu anaweza kupata cheti safi kabisa wakati anayempalilia magugu kwa mkono kutwa nzima analipwa kiduchu, na kilimo hai kinakula nguvu kazi sana kwenye palizi maana dawa ya magugu hakuna. Mkuu kama unahamia huko piga hesabu ya watu wako kabla ya hesabu ya mboji.

MkulimaMpya
Nashukuru sana wakuu, la vibarua sikuliwaza kabisa, naliweka kwenye bajeti. Swali la mwisho, samadi ya kununua kwa jirani asiye wa kilimo hai inafaa?

UdongoKwanza
Kwanza soma kiwango unachoombea cheti, vingine vinabana chanzo cha samadi. Kama ni mbichi, sheria ya Marekani inataka siku 120 kabla ya kuvuna kwa zao ambalo sehemu inayoliwa inagusa udongo, 90 kwa lisilogusa, sababu ya vimelea vya magonjwa. Pili muulize jirani malisho yamepigwa dawa gani ya magugu, kuna zingine zinapita tumboni mwa mnyama zikiwa nzima na zinapinda nyanya na mikunde. Changanya samadi kidogo na udongo kwenye makopo kadhaa, panda maharage, na makopo mengine uweke udongo mtupu ya kulinganishia, subiri wiki tatu hivi. Majani yakijikunja kwenye yale ya samadi tu, usiipokee hata akikupa bure.