Hondohondo kujifungia mtini na mifano mingine: tuwaeleze vijana nini huko Pugu?

Mnazi_Mkinda:
Wadau, habari za leo. Mwezi wa 11 tunapeleka vijana 15 wa mtaani kwetu, Waislamu kwa Wakristo, msitu wa Pugu. Mada ni hekima ya Muumba katika tabia za ndege wa msituni. Mifano niliyonayo ni ile inayozunguka kwenye magrupu: dume la hondohondo linamfungia mkewe gerezani kwa wivu, na mlembe anampeleka nyegere kwenye asali. Ni kweli hayo? Na vijana wataona nini hasa, saa ngapi, kwa vifaa gani? Sitaki turudi na picha za kunguru, hao tunao Kariakoo.

Fundi_Darubini:
Mkuu, hiyo ya gereza itoe kabisa. Jike hujifungia mwenyewe.

Hondohondo hawezi kutoboa mti kama kigogota. Anategemea pango lililojitokeza lenyewe kwenye mti mzee, pale tawi lilipovunjika au kiini kilipooza. Jike akishaingia huziba mlango kwa ndani: udongo, kinyesi chake na mabaki ya matunda yanayonata, akipigapiga kwa ubavu wa mdomo kama fundi anayepiga lipu. Kwa yule mkubwa wa Usambara mwenye mashavu ya rangi ya fedha, dume humeza udongo, huulainisha kwa mate, kisha huutapika vidonge vidonge na kumpa jike aendelee na kazi. Unaachwa ufa mwembamba wa kusimama, wa kupitisha ncha ya mdomo tu.

Waambie vijana wautazame huo ufa. Kwa kuwa umesimama, hewa ya moto hutokea juu na ya baridi huingilia chini. Kinyesi nacho hurushwa nje kupitia hapohapo, ndiyo maana chini ya mti wenye kiota huota miche ya matunda waliyokula. Ukiona miche ya namna hiyo imesongamana chini ya shina moja, inua macho. Pango zuri pia huwa na nafasi juu ya mlango: adui akiingiza mkono au mdomo, jike hupanda huko.

Sasa dume. Huko Amani, Usambara, aliwahi kufuatiliwa dume wa aina hiyo kubwa, akakadiriwa kuleta matunda 24,000 kwa safari 1,600 ndani ya siku 120. Piga hesabu: safari 13 hivi kwa siku, matunda 15 kila safari. Anayabeba kooni, akifika anayatapika moja moja na kuyapitisha kwenye ufa. Yule mdogo wa pwani, mwenye mdomo mwekundu, habebi hivyo. Huleta kitu kimoja kimoja kwenye ncha ya mdomo, na jike wake hutoka mapema kumsaidia kulisha, makinda wakaziba mlango upya wenyewe. Makinda! Hakuna aliyewafundisha lipu. Mimi ningelijenga somo zima juu ya hapo.

Linaloharibika: dume akifa, jike hubomoa ukuta na kutoka, na mara nyingi uzao wa msimu huo umepotea. Na mti wenye pango ukienda kwenye tanuri la mkaa, mti mchanga hauwezi kuziba pengo lake kwa miaka mingi.

Bint_Kisarawe:
Upande wa safari. Pugu-Kazimzumbwi iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo kibali na mtembeza wageni mpange mapema, msiende kujadiliana getini na vijana 15 juani. Muwe ndani ya msitu saa 12 na nusu asubuhi. Ikifika saa 4 ndege wamenyamaza, joto limepanda, vijana wanaulizia soda.

Gawa makundi matatu ya watano. Darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi ya mm 42) moja kwa kila kundi inatosha. Ya 10x au zaidi hutikisika mikononi mwa mgeni na haoni kitu. Nguo za kijani au kahawia, nyeupe hapana.

Msitembee sana. Tafuteni mkuyu au mtini pori wenye matunda yaliyoiva, mkae umbali wa mita 30, dakika 40, kimya. Mitini haizai yote kwa wakati mmoja. Nyigu wadogo wanaoichavusha huishi siku chache tu, hivyo lazima daima kuwe na mti fulani unaozaa mahali fulani, na ndege wanapata chakula hata miezi ya ukame. Kwenye mti huohuo linganisheni hondohondo na ninga. Hondohondo hutema au hupitisha mbegu nzima na kuipeleka mbali. Ninga huisaga kwenye firigisi. Wote wanakula tini, lakini anayeotesha miti ni mmoja. Hondohondo mweusi mwenye tumbo jeupe mtamsikia kabla ya kumwona, analia kama mtoto mchanga.

Halafu tafadhali, msipige sauti za ndege kwenye simu kuwaita. Dume anaacha kulisha, anahangaika kumtafuta mpinzani ambaye hayupo.

Mrina_Asali:
Kuhusu mlembe: nyegere mwache, ushahidi wake ni dhaifu. Wa kumwongoza binadamu ndio una uhakika. Mlembe hutoa mlio kama kiberiti kinachotikiswa ndani ya boksi, huruka mbele, hungoja, huruka tena, mpaka kwenye mzinga. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mlio wao maalumu wa "brrr-hm". Wahadzabe wa Eyasi humpigia mluzi. Mrina huchukua asali, ndege hula nta, ambayo wanyama wachache sana huweza kuimeng'enya.

Ila msifiche upande wa pili. Mlembe hutaga kwenye viota vya wengine, mfano keremkerem, na kinda wake huzaliwa kipofu akiwa na ndoano mbili kwenye ncha ya mdomo. Kwa hizo huwaua makinda wa mwenye nyumba. Baadaye ndoano hudondoka.

Mnazi_Mkinda:
Shukrani wakuu. Kijana akiuliza hiyo ndoano nayo ina hekima gani?

Mzee_wa_Ukonga:
Usimjibie Mungu, ndugu yangu. Mpe kwanza kitabu cha Ayubu sura ya 39: mbuni huacha mayai mchangani na kusahau kwamba mguu waweza kuyaponda, na imeandikwa wazi kuwa amenyimwa hekima. Maandiko hayajapaka rangi. Vijana wa Kiislamu wataijua Al-An'am 38, kwamba ndege ni umma kama ninyi. Umma una mema na magumu yake.

Na kama mlipanga kuwaambia vijana kwamba ndege hulishwa bure, rekebisheni. Katika hadithi ya Mtume ndege hutoka asubuhi na njaa, hurudi jioni ameshiba: *hutoka*. Hondohondo jike huletewa mlangoni, lakini naye yuko kazini.

Bint_Kisarawe:
Nimesahau: viatu vya kufunika vidole, suruali ndani ya soksi. Mkikuta siafu msikimbie. Simameni pembeni mita 3 hivi na mtazame vichaka vya chini, maana kuna ndege wanaofuata msafara wa siafu ili wadake wadudu wanaoukimbia.