Sponji nyeupe "isiyo na kemikali" na kioo cha jiko la gesi

Mama wa Tabata aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Tuna jiko la gesi la mezani lenye uso wa kioo cheusi, ambalo halijatimiza hata mwaka. Wiki iliyopita maharage yalifurika, mchuzi ukakaukia juu ya kioo, na binti anayenisaidia nyumbani akausugua kwa ule upande wa kijani wa sponji ya kuoshea vyombo. Uchafu ulitoka, lakini usiku taa ikiwaka inaonekana michirizi mingi ya mviringo ambayo ukiipitishia ukucha huisikii. Sikumlaumu, maana hata mimi ningefanya vivyo hivyo. Sasa jirani amenishauri nitumie ile sponji nyeupe inayofanya kazi kwa maji matupu. Anasema haina kemikali, ni laini kama mkate, na itaifuta hata hiyo michirizi. Kwa kuwa nina pia kaunta ya marumaru asilia (jiwe lenyewe, si vigae) na kabati la mbao lililopigwa vanishi ya kung'aa, naomba kujua kama sponji hiyo inafaa kila mahali.

Fundi Samani alijibu:

Mama, kama jirani yako ana maana kwamba inasafisha kwa maji matupu bila sabuni wala dawa, yuko sahihi, ila kwenye ulaini ndipo alipokosea. Sponji hiyo ni povu la melamini, jamaa ya plastiki ngumu inayotengenezewa sahani zisizovunjika kirahisi, na ndani yake kuna vijiti vyembamba mno, vigumu, vilivyosukana kama wavu. Ukiibonyeza inanywea kwa sababu imejaa hewa, lakini ukiisugua juu ya kitu, vile vijiti vinakwangua, na sponji yenyewe inalika kama kifutio cha penseli. Kwa hiyo huo ni msasa, tena msasa laini sana. Wazee wetu wa useremala walilainishia mbao kwa majani ya mti uitwao msasa, na ukilishika jani lile kwa kupapasa tu huwezi kudhani kwamba linaweza kula mninga.

Vanishi ya kung'aa inang'aa kwa sababu uso wake umenyooka na kurudisha mwanga kwa pamoja. Ukishaukwaruza, hata kwa mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, mwanga hutawanyika na hapo panabaki doa lililofifia. Nimewahi kuletewa meza ya kulia chakula ambayo mwenyewe alitaka kuondoa alama ya kikombe, akaishia na duara jeupe kubwa kuliko sahani, na ikabidi nipige vanishi upya meza nzima, kwa kuwa kiraka kwenye vanishi ya kung'aa hakijifichi.

Mosha Vyombo alijibu:

Nimefanya kazi kwenye jiko la hoteli kwa muda mrefu, na kanuni tuliyofundishwa ni kutazama ugumu wa chembe na si ulaini wa sponji mkononi. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, marumaru ni takriban 3 na kioo cha kawaida ni kati ya 5 na 6. Sponji nyingi za kijani za kazi nzito zimebandikwa chembe za oksidi ya alumini, ambayo ni 9, kwa hiyo hakuna kitu jikoni mwako ambacho haziwezi kukichora, sinki la chuma kisichoshika kutu likiwemo. Stilwaya nayo ina kasoro yake: huacha vipande vidogo vya chuma kwenye sinki, vikishika kutu watu wanadhani ni sinki linalooza.

Kwa mchuzi uliokauka, subiri jiko lipoe kabisa, tandika kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto na sabuni, ukiache nusu saa, kisha kwangua taratibu kwa kadi ya zamani ya plastiki. Kikisalia kidogo, tumia uji mzito wa soda ya kuokea kwa kitambaa laini, kwani chembe zake ni laini kuliko kioo. Magadi ya mawe ya sokoni usiyatumie, maana huweza kuwa na mchanga. Kwenye marumaru hata ndimu na siki ni marufuku, kwa sababu asidi hulila jiwe lenyewe. Sponji nyeupe pia itaondoa mng'ao wake.

Mkazi wa Ilala alijibu:

Naomba kutofautiana kidogo. Natumia sponji nyeupe kwenye kioo cha dirisha na cha meza kwa zaidi ya mwaka sasa, na sijaona mchirizi hata mmoja.

Fundi Samani alijibu:

Ndugu yangu, kwa kioo kitupu hilo linawezekana, kwa kuwa melamini haikifikii kioo kwa ugumu. Ila jiko la Mama huenda lina namba na alama zilizochapwa juu ya kioo karibu na vishikio, na hizo zinafutika. Vilevile usiiguse miwani ya plastiki, skrini ya runinga wala rangi ya gari, na usimsugulie mtoto aliyejichora kwa kalamu, kwa sababu inachubua ngozi. Michirizi iliyopo haitaondoka, Mama, kwa sababu mchirizi ni sehemu ya kioo iliyokwisha kutolewa.

Mama wa Tabata alijibu:

Nawashukuru sana. Kabla ya kuamini nilijaribu kwanza upande wa ndani wa mlango wa kabati, karibu na bawaba, na baada ya kusugua mara kumi hivi pakafifia kiasi cha sarafu. Marumaru sikuigusa kabisa. Kitambaa cha moto kimetoa mabaki yote ya maharage bila kusugua, na michirizi ipo palepale. Sponji ya kijani tumeihamishia kwenye masufuria ya kupikia ugali, na ile nyeupe nimewapa watoto wasafishie soli za raba zao.