Naomba ushauri: sehemu ya kifahari ya juu ya ghorofa kwa mtoko wa usiku Dodoma

Habari zenu, wapendwa. Katikati ya Juni nitawapokea dada yangu na shemeji, watakaotoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR, na ningependa tusherehekee miaka 10 ya ndoa yao mahali penye hadhi hapa Dodoma, juu ya ghorofa, ambapo tutakula, tutakunywa mvinyo wa zabibu za hapa hapa, kisha wenye nguvu wacheze muziki.

Linalonipa shaka zaidi ni baridi. Upepo wa Dodoma wakati wa kipupwe haubembelezi: chakula hupoa kabla hujafika nusu ya sahani, tishu hupeperuka mezani, na mtu aliyezoea joto la Pwani hukaa amejikunyata badala ya kufurahi. Kwa hiyo natafuta sehemu yenye vioo au maturubai ya kuzuia upepo, hata kama mandhari ya taa za mji yatapungua kidogo. Aidha, mwezi huo Bunge la Bajeti huwa linaendelea na mji hujaa wageni. Je, ni lazima kulipia meza mapema, au hata Jumamosi nafasi hupatikana?

Kwa mnaozifahamu sehemu hizi, naomba pia kujua kama kiingilio hupunguzwa kwenye bili, na muziki hupandishwa sauti saa ngapi, maana dada yangu anathamini mazungumzo kuliko kelele. Usafiri wa uhakika wa kurudi eneo la Kisasa baada ya saa sita usiku nao unanihusu sana.